Labridi Sita Katika Tangi Moja: Nani Atangulie, Nani Asubiri

Swali: Mimi ni mkazi wa Mbezi Beach, Dar es Salaam. Nina tangi la maji ya bahari lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 55, ambalo limetimiza mwaka mmoja na nusu. Ndani yake wamo samaki wawili wa anemoni, matumbawe laini kadhaa, na yule samaki mdogo wa zambarau ambaye wauzaji humwita sixline. Huyo ndiye aliyetangulia kuingia kuliko wote. Mwezi uliopita nilimwongeza ndugu yake wa jamii moja, Cirrhilabrus exquisitus, akafa siku ya nne. Nikanunua wa pili, na baada ya siku tatu nikamkuta amekauka sakafuni nyuma ya kabati. Ndoto yangu ni kuwa na watano au sita wa jamii hii wanaoishi pamoja. Je, jambo hilo linawezekana, au nibaki na huyo mmoja?

Jibu: Ndugu msomaji, linawezekana. Tangi la vipimo ulivyovitaja, ukishatoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, hubaki na lita 400 hivi za maji, na samaki sita wadogo wa jamii hii wanaweza kuishi humo kwa miaka bila kuumizana. Hata hivyo hawawezi kuingia humo katika hali iliyopo leo, kwa sababu tangi lako tayari lina mwenyewe. Vifo viwili ulivyovieleza, ingawa mmoja alifia majini na mwingine nchi kavu, kwa maoni yangu vina chanzo kimoja: wote wawili walitiwa katika nyumba ya samaki ambaye kwa miezi kumi na minane hakuwahi kuona mwenzake yeyote wa jamii yake, na ambaye alikuwa amekwisha kuihesabu kila pango na kila ufa kuwa mali yake. Wa kwanza alifukuzwa mpaka akaishiwa nguvu. Wa pili alifukuzwa mpaka akatafuta njia ya juu.

Nianze na jina. Kiswahili cha pwani kina pono, changu, chewa na wengine wengi wanaoliwa, lakini hawa wadogo wa rangi, ambao Waingereza huwaita wrasse na ambao aghalabu hawafiki sokoni, hawajapata jina moja linalokubalika kila mahali. Nitawaita labridi, kutokana na jina la kisayansi la jamii yao, Labridae, yenye zaidi ya spishi 500. Pono ni ndugu yao wa karibu, na undugu huo utatufaa huko mbele tutakapofika kwenye habari ya usingizi.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza mno suala la nani atangulie, inafaa kwanza ujue jinsi labridi wanavyopangana wenyewe baharini. Katika spishi nyingi za jamii hii samaki huanza maisha akiwa jike, na dume hutokana na jike aliyekua na kupanda cheo mpaka akabadilika jinsia na rangi. Mwaka 1972 mtafiti D. R. Robertson alichapisha uchunguzi wake juu ya labridi msafishaji, Labroides dimidiatus, alioufanya katika Great Barrier Reef nchini Australia: dume alipoondolewa katika kundi, jike mkubwa kuliko wenzake alianza kuonyesha tabia za kiume katika muda wa saa chache tu, na baada ya siku 14 hadi 18 akawa na uwezo wa kutoa mbegu za kiume. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba cheo ndani ya kundi la labridi si jambo la kudumu. Hupimwa upya kila siku, kwa ukubwa wa mwili na kwa nani alikuwapo kabla ya nani, na kila mgeni anayeingia huwalazimisha waliopo kuhesabu upya. Baharini anayeshindwa huogelea mita ishirini na kuanza maisha mengine. Katika tangi lako mita ishirini hazipo, kwa hiyo kazi ambayo bahari huifanya kwa nafasi, wewe utaifanya kwa mpangilio.

Sasa tumtazame huyo sixline, yaani Pseudocheilinus hexataenia. Ni samaki asiyezidi sentimita 10, mwenye mistari sita ya rangi ya chungwa juu ya mwili wa zambarau, na ni mwenyeji wa miamba yetu kama alivyo mwenyeji wa sehemu kubwa ya bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Anapokuwa peke yake ni samaki mzuri sana wa kufuga, kwa kuwa ni mgumu, hali kwa kuchagua, na hutafuta minyoo bapa na konokono waharibifu kutwa nzima. Tatizo ni kwamba chakula chake ni vijidudu vilivyojificha ndani ya nyufa za mawe, hivyo mwamba wote kwake ni ghala, na yeyote mwenye umbo linalofanana na lake humwona kuwa mwizi aliyeingia ghalani. Nimewahi kumwona mmoja wa sentimita 6 akimzuia Cirrhilabrus wa sentimita 9 asishuke kula kwa siku tano mfululizo. Usidanganywe na udogo wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumtoa, na usimtoe kwa kumkimbiza na wavu, maana utabomoa mwamba wote na bado atakushinda. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ikate shingo, igeuze shingo hiyo iangalie ndani, uitoboe mashimo ya kupitisha maji, na utakuwa umetengeneza dema dogo kama lile wanalotumia wavuvi wetu. Mnyime chakula siku moja, kisha weka uduvi ndani ya chupa na uilaze karibu na mahali anapopenda kupita. Mara nyingi huingia siku hiyohiyo, na akisita, iache chupa humo bila mtego siku mbili ili aizoee. Akishatoka, badilisha mpangilio wa mawe kadiri unavyoweza bila kuvunja matumbawe, na uliache tangi litulie kwa wiki mbili.

Kuhusu wa kuchagua, ushauri wangu ni kwamba usichague kwa rangi pekee, bali utafute samaki ambao kila mmoja anaishi sehemu tofauti ya maji na ana umbo tofauti na mwenzake, kwa sababu labridi humpiga zaidi yule anayefanana naye. Kwa tangi lako ningechukua majike wawili wadogo wa Macropharyngodon bipartitus, samaki wa magharibi ya bahari ya Hindi ambaye hupekua juu ya mchanga na mawe taratibu siku nzima. Halichoeres iridis mmoja, mwenye mwili mwekundu wa damu ya mzee na kichwa cha manjano, ambaye naye hupatikana katika maji yetu. Na dume mmoja wa Cirrhilabrus exquisitus pamoja na majike wawili, ambao huogelea juu ya mwamba wakikamata chembe zinazopita na mkondo. Hao ni sita, na wote hubaki katika sentimita 11 hadi 13 wanapokomaa. Wale Macropharyngodon wawili wasikutie wasiwasi, kwa maana mmoja atakua kuliko mwenzake na baada ya miezi kadhaa utaona rangi zake zinabadilika na kuwa za dume. Wasiwe madume wawili tangu mwanzo, na kanuni hiyo ni ileile kwa Cirrhilabrus. Wale majike wawili si mapambo ya ziada, kwani dume wa Cirrhilabrus asiyekuwa na wa kumwonyesha mapezi yake hufifia rangi polepole, na wafugaji wengi hudhani anaumwa.

Hapa naomba niruhusiwe kusema jambo linalonipa furaha. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya Cirrhilabrus, waliyoipa jina Cirrhilabrus wakanda, iliyopatikana katika maji ya Zanzibar kwenye kina cha mita 50 hadi 80. Mtu anayekaa Mbezi Beach na kupenda samaki hawa yuko karibu na chimbuko lao kuliko wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaolipa fedha nyingi kuwapata.

Ukaribu huo una hatari yake pia, kwa sababu utaletewa samaki ambao hawafai kabisa. Mvuvi akikuletea katika ndoo samaki mwekundu wa chungwa mwenye mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi mgongoni, mrefu kama kidole, huyo ni mtoto wa Coris cuvieri, na ni vigumu kumpata samaki mzuri kuliko yeye. Lakini hukua kufikia karibu sentimita 40, hupindua mawe akitafuta kaa na konokono, na mwishowe hula kila kamba mdogo uliyemnunua. Mimi nilimfuga mmoja nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nikaishia kumtafutia tangi kubwa mara tatu ya langu. Coris formosa hukua zaidi ya huyo, na Thalassoma wa aina zote, pamoja na Gomphosus mwenye mdomo mrefu kama wa ndege, ni wakimbiaji wasiotulia ambao watawanyima wengine raha. Labridi msafishaji niliyemtaja juu naye mwache baharini. Imepatikana kwamba mmoja wao anaweza kula zaidi ya vimelea 1,000 kwa siku kutoka kwenye miili ya samaki wengine, riziki ambayo hakuna tangi la nyumbani linaloweza kumpa, na wengi wao hufa kwa njaa baada ya wiki au miezi michache.

Tuje kwenye usingizi. Wazee wetu waliposema mtu amelala usingizi wa pono walikuwa wameona jambo la kweli, kwa sababu pono, kama baadhi ya labridi, hulala fofofo usiku akiwa amejifunika utando wa ute anaoutoa mwenyewe. Cirrhilabrus wako watafanya hivyohivyo ndani ya nyufa za mwamba, na asubuhi unaweza kuona mabaki ya utando yakielea kama kipande cha plastiki laini, usishtuke. Halichoeres na Macropharyngodon wao hulala ndani ya mchanga. Jioni, mara nyingi kabla hata taa hazijazimwa, utamwona anazunguka mahali pamoja, kisha anapiga mbizi kwa kichwa na kutoweka. Hukunieleza mchanga wako una kina gani, nami nasema bila kusita kwamba kama haufiki sentimita 5 usinunue samaki hao. Sentimita 7 au 8 ni bora zaidi, na punje ziwe laini, za ukubwa wa milimita 1 au chini ya hapo, si vipande vya matumbawe vyenye ncha vinavyokwaruza ngozi na kufungua mlango wa maradhi. Si lazima tangi zima liwe na kina hicho, ila nusu yake iwe nacho, tena mahali ambapo pampu haipulizi.

Jambo linalowapotosha wafugaji wengi ni siku za mwanzo. Macropharyngodon akifika anaweza kuzama mchangani na asionekane siku mbili, tatu, au hata wiki. Wafugaji wa Marekani wanaopokea samaki kutoka pwani ya Kenya hupata taabu zaidi, kwani samaki huyo huendelea kwa siku kadhaa kuamka na kulala kwa saa za huku kwetu, yaani anaamka usiku wao wa manane. Wewe huna tatizo hilo, kwa kuwa jua la alikotoka ndilo jua lako. Lakini hata hivyo atajificha, nawe usimfukue. Mtu anayechimba mchanga kuhakikisha kama samaki wake yu hai humtia hofu ileile iliyomfanya ajifiche, na pengine humjeruhi mdomo, na Macropharyngodon mwenye mdomo ulioumia hali tena.

Kuhusu yule aliyekauka sakafuni, tangi la labridi lazima lifunikwe, na hapa sikubali udhuru wowote. Kioo kizima huzuia hewa na kuongeza joto, ambalo Dar es Salaam tunalo la kutosha. Tengeneza fremu nyepesi ya alumini au plastiki na uiwambe wavu wa matundu ya milimita 6. Kagua hasa pembe ambamo mabomba na nyaya hupita, kwa maana ufa wa upana wa kidole gumba unatosha. Labridi haruki kwa sababu amechoka kuishi katika tangi. Huruka anaposhtuka, na mara nyingi hushtushwa na mambo mawili, kufukuzwa na mwenzake au mwanga kubadilika ghafla. Hili la pili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee, kwa sababu umeme unapokatika jioni giza huingia mara moja bila machweo, na unaporudi saa nne usiku taa zote huwaka kwa pamoja juu ya samaki waliokuwa usingizini. Nunua taa inayopanda na kushuka taratibu, au angalau unganisha taa kwenye swichi inayohitaji kuwashwa kwa mkono baada ya umeme kukatika. Weka pia pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kuwaka yenyewe umeme ukikatika, kwani maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na samaki aliyelala mchangani hawezi kusogea juu kuitafuta kama wenzake.

Kila samaki mpya akae karantini wiki nne kabla ya kuingia katika tangi kubwa. Najua wengi huona kazi hii ni mzigo, lakini ukishawatia labridi sita katika tangi lenye mwamba na mchanga hutaweza kumkamata yeyote kwa matibabu. Tangi la karantini la lita 100 lenye kichujio cha sponji linatosha, na ndani yake weka bakuli la plastiki lenye mchanga wa kina cha sentimita 6 kwa ajili ya wanaolala mchangani, la sivyo watajipigapiga kwenye kioo usiku kucha. Iwapo utalazimika kutumia dawa ya shaba dhidi ya ugonjwa wa madoa meupe, mchanga huo uwe wa silika, usiwe wa matumbawe, kwa sababu mchanga wa matumbawe hunyonya shaba na utakuwa hujui kiasi kilichobaki majini. Pima kwa kipimo kila siku na upandishe kiasi hicho polepole. Kwa minyoo bapa ya ngozi na mashavu hutumika prazikwanteli, dawa ileile tunayoijua kwa kutibu kichocho, ila tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki na uongeze hewa majini wakati wote wa matibabu. Usisage vidonge vya binadamu.

Sasa nafika kwenye mpangilio wenyewe, ambao ndio kiini cha swali lako. Wale Macropharyngodon wawili waingie kwanza, wakati tangi halina labridi mwingine yeyote, kwa sababu ndio wapole na wazito wa kuanza kula. Tangi la mwaka mmoja na nusu lina vijidudu vya kutosha kuwasaidia katika wiki za mwanzo. Wape wiki tatu, na usiongeze mtu mpaka uwaone wanakula chakula chako mbele yako. Kisha aingie Halichoeres iridis, ambaye angetangulia angeweza kuwasumbua, kwa kuwa naye ni wa mchangani na mwili wake unakaribiana na wao. Baada ya wiki nyingine tatu waingie Cirrhilabrus wote watatu siku moja, dume akiwa mkubwa kidogo kuliko majike. Ukiingiza majike leo na dume mwezi ujao, jike mmoja anaweza kuwa amekwisha kuanza safari ya kuwa dume, na hapo utakuwa na ugomvi uliousababisha mwenyewe.

Kila mgeni apitie kisanduku. Namaanisha kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kinachoning'inizwa ndani ya tangi ili maji yapite lakini samaki wasipite. Mgeni hukaa humo siku tatu hadi saba, akila na kuonwa. Wenyeji watamjia, watatanua mapezi, watajigonga kwenye plastiki, na baada ya siku mbili wengi huchoka, kwa kuwa hawapati jibu. Anayelala mchangani mwekee kibakuli kidogo cha mchanga humohumo. Ukiona kwamba siku ya tatu mwenyeji mmoja bado anakishambulia kisanduku bila kupumzika, usimfungulie mgeni. Simamisha kioo cha kujitazamia nje ya tangi, upande wa pili, ili mwenyeji huyo apate wa kugombana naye ambaye hawezi kuumia. Fungua kisanduku jioni, nusu saa kabla ya taa kuzimwa, baada ya kuwalisha wote wakashiba.

Utakapofungua, utaona mambo ambayo yatakutisha bila sababu, na mengine ambayo yanapaswa kukutisha. Dume wa Cirrhilabrus anapotanua mapezi yote, akawasha mistari ya buluu ubavuni kama mtu aliyewasha taa, akampita mwenzake kwa kasi na kurudi, hiyo ni ngoma yake, si vita. Atacheza hivyo kila alasiri kwa maisha yake yote, na ndiyo sababu tunamfuga. Vita vinajulikana kwa alama nyingine. Samaki anayepigwa husimama pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yake yamebana na ncha zake zimechanika, anapumua haraka, na chakula kikitupwa hasogei. Ukiona hivyo siku ya pili mfululizo, usingoje wajipatanishe. Na katika hali hiyo mtoe anayepiga, si anayepigwa, kwa sababu anayepigwa ukimtoa na kumrudisha atakuwa mgeni mara ya pili, ilhali mpigaji akikaa nje wiki mbili na kurejea kupitia kisanduku, ndiye atakayekuwa mgeni.

Chakula kipunguze ugomvi, kisiuongeze. Labridi wana mwendo mwingi na tumbo dogo, kwa hiyo wape kidogo mara tatu kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa, na ukitupe pande mbili za tangi kwa wakati mmoja ili mmoja asiweze kulinda chakula chote. Uduvi mbichi kutoka soko la Feri, ukiuosha, ukaugandisha kwenye friza siku kadhaa na kuukata vipande vidogo, ni chakula kizuri mno, pamoja na mayai ya samaki na kamba aliyesagwa. Uduvi mkavu wenye chumvi wa kupikia haufai. Macropharyngodon asiyetaka kuanza kula mpe artemia wachanga walio hai, yaani vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, ambao unaweza kuwaangua mwenyewe kwa siku moja katika chupa ya maji ya chumvi. Joto lisizidi nyuzi 27 kama unaweza. Wakati wa kaskazi feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, ingawa katika unyevu wa pwani haifanyi kazi kama inavyofanya bara, na maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kuhusu mahali pa kuwapata, nunua kwa mtu mwenye leseni anayeweza kukuambia samaki alivuliwa wapi na kwa njia gani, na umwombe amlishe mbele yako kabla hujalipa. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, na samaki wa huko hawaguswi. Nenda ukawatazame kwa miwani ya kuzamia asubuhi maji yakiwa yamepwa; utajifunza kuhusu tabia za labridi katika saa moja mambo ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Amebaki sixline wako. Asirudishwe baharini, kwa sababu samaki aliyekaa tangini na wenzake waliotoka sehemu mbalimbali anaweza kubeba maradhi ambayo miamba ya hapa haina. Tangi la lita 100 lenye mawe ya kupekua linamtosha, naye ataishi humo kwa raha akiwa mfalme wa eneo lake. Au mpatie mfugaji asiye na labridi wengine. Ukishindwa kabisa kuagana naye, awe wa saba na wa mwisho, si kabla ya wale sita kukaa pamoja miezi sita, na apitie kisanduku kwa siku saba kamili kama mgeni mwingine yeyote. Mimi nisingemrudisha.